Mashine ya randa Usevya: hesabu kwanza, mkoba baadaye

Mchagua jembe si mkulima, walisema wahenga. Usemi huo unafaa shambani, ambako bei ya jembe moja haipishani sana na bei ya jingine. Katika karakana ya mbao haufai hata kidogo. Fundi asiyechagua mashine yake huchaguliwa na muuzaji, na muuzaji ana kawaida ya kuchagua ile iliyokaa dukani muda mrefu.

Wiki hii safu hii inaangalia mtaji ambao hujadiliwa sana vijijini kila baada ya mavuno: mashine ya randa ya kusawazisha unene wa mbao, ile ambayo mafundi wengi huiita tiknesa. Mfano wetu ni Usevya, mkoani Katavi, lakini msomaji wa Inyonga, Namanyere au Urambo anaweza kuisoma hesabu hii kama yake. Swali ni rahisi kuuliza na gumu kujibu: je, fundi mwenye karakana ya nyumbani, anayefanya kazi yeye na kijana mmoja au wawili, anunue mashine hiyo? Na akinunua, anunue ipi?

Maoni ya safu hii ni kwamba mafundi wengi wanaangalia bei iliyoandikwa kwenye mashine, ilhali kinachowafilisi ni mambo matatu ambayo hayakuandikwa popote: umeme, visu na idadi ya mbao wanazozipitisha kwa wiki.

KWA NINI USEVYA

Usevya ipo Mpimbwe, kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Ni nchi ya mpunga na mahindi. Mpunga ukishauzwa, fedha huingia kwenye nyumba: mabati, milango, madirisha, vitanda, makabati. Kwa maneno ya soko, mahitaji ya samani hupanda kwa miezi michache, kisha hushuka hadi msimu ujao.

Kwa upande wa mali ghafi, Katavi imezungukwa na misitu ya miombo yenye mninga na mkongo, mbao ambazo Dar es Salaam hutafutwa kwa tochi. Lakini tazama zinavyosafiri. Ubao huondoka mkoani ukiwa ghafi, wenye alama za msumeno pande zote, hurandwa na kugeuzwa samani Keko au kwingineko, na kitanda kilichokamilika hupandishwa bei kwa kila hatua. Hata reli ya Kaliua hadi Mpanda ilijengwa enzi za mkoloni ili kuyaondoa madini ya risasi. Katavi ilipotangazwa kuwa mkoa mwaka 2012, baada ya kumegwa kutoka Rukwa, tulitarajia mengi, na mojawapo ni kwamba thamani ya mali ibaki pale mali inapotoka. Kuranda ubao ndiyo hatua ya kwanza baada ya kuupasua. Anayeshindwa hatua hiyo ameshindwa zote zinazofuata.

Ndiyo maana suala hili linastahili ukurasa wa biashara na halipaswi kuachwa kuwa maongezi ya mafundi peke yao.

MASHINE INAFANYA NINI, NA HAIFANYI NINI

Tiknesa ina meza chini na ngoma ya visu juu. Rola huuvuta ubao, visu hukwangua uso wa juu, na ubao hutoka upande wa pili ukiwa na unene mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ndiyo kazi yake yote.

Wengi hudhani mashine hii hunyoosha mbao. Hainyooshi. Ubao uliopinda kama upinde hubanwa na rola ukapita ukiwa umenyooka, na ukitoka hurudia upinde wake, isipokuwa sasa ni mwembamba zaidi. Ili ubao unyooke, uso mmoja lazima usawazishwe kwanza, ama kwa mashine ya kusawazisha uso yenye meza mbili ndefu, ama kwa randa ya mkono. Baada ya hapo uso uliosawazishwa huwekwa chini kwenye meza ya tiknesa, na uso wa pili hufuata ule wa kwanza.

Kwa hiyo fundi anayeambiwa atupe randa ya mkono kwa sababu amenunua mashine anapewa ushauri mbaya. Randa ndefu ya mkono, iliyonolewa vizuri, ndiyo inayomwezesha mwenye mtaji mdogo kuanza na mashine moja badala ya mbili. Akiranda vilima vya uso mmoja tu hadi ubao ukae mezani bila kuyumba, mashine itamaliza kazi iliyobaki.

Jambo la pili ni ukavu. Ubao mbichi ukirandwa leo ukawa inchi moja kamili, wiki mbili baadaye hautakuwa inchi moja wala hautakuwa tambarare. Mbao ipangwe kivulini, vijiti vikitenganisha ubao na ubao, hadi ikauke, ndipo irandwe. Mtaji wa mashine bila mtaji wa kusubiri mbao zikauke ni nusu mtaji.

MBAO ZETU SI ZA VITABUNI

Mashine ndogo za kubebeka zilianza kuenea miaka ya 1980, kampuni ya Ryobi ya Japani ilipotoa ya inchi 10 ambayo mtu mmoja angeweza kuibeba. Tangu hapo zimefuata nyingi za inchi 12 hadi 13. Vitabu na matangazo yake mara nyingi huzungumzia misonobari na mbao laini za nchi za baridi. Msonobari kama ule wa Sao Hill, Mufindi, ukikauka huwa na uzito wa takriban kilo 450 hadi 500 kwa mita ya ujazo. Mninga hukaribia kilo 640, na mkongo hufika takriban kilo 800. Aidha, nyuzi za mninga mara nyingi hupishana, hivyo kisu butu huchimba uso badala ya kuukata.

Maana yake kibiashara ni hii: mashine inayoweza kuondoa milimita 3 kwa mpito mmoja kwenye msonobari mwembamba isitarajiwe kufanya hivyo kwenye ubao wa mkongo wa inchi 10. Hapo fundi aondoe milimita moja au pungufu kila mpito. Mipito huongezeka, muda huongezeka, na makali huisha mapema.

Mbao za kupasuliwa kwa mkono nazo hazilingani unene. Ubao unaouzwa kama inchi moja unaweza kuwa na milimita 32 upande mmoja na 25 upande mwingine. Ukitaka milimita 22 zilizo safi, upande mnene unapoteza milimita 10, karibu theluthi moja ya mali uliyoinunua na kuilipia usafiri. Fundi mwenye tiknesa ana sababu mpya ya kubeba rula anapokwenda kununua mbao. Mashine haifuti kosa la mpasuaji; hulihamisha kutoka kwenye ubao na kulipeleka kwenye gunia la maranda.

Maranda yenyewe si uchafu. Wafugaji wa kuku huyatandika bandani. Lakini usiyaweke kwenye hesabu ya faida kabla hujampata mfugaji wa kuyachukua.

UMEME: NJIA MOJA AU NJIA TATU

Kwa miaka mingi Mpanda ilitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, na vijiji vingi vilikuwa gizani hadi miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ilipoanza kufikisha nguzo. Nguzo zimefika, lakini si kila laini ya kijijini ina njia tatu. Kabla ya kuulizia bei ya mashine, uliza ofisi ya TANESCO ni laini gani inapita mbele ya karakana yako, na transfoma iko umbali gani.

Mashine kubwa za chuma cha kusubu, zenye mota ya nguvu za farasi 3 hadi 5 na zaidi, mara nyingi hutaka njia tatu. Mota za aina hii hazina kaboni, huzunguka kwa utulivu, na hudumu miaka mingi. Lakini zikiwashwa huvuta kwa muda mfupi umeme mara tano hadi saba ya kawaida yake. Ukiifunga mwisho wa laini dhaifu, taa za majirani zitafifia na mota itaungua kabla mkopo haujaisha.

Mashine za kubebeka hutumia njia moja. Makita 2012NB, kwa mfano, ina upana wa milimita 304, mota ya wati 1,650 na uzito wa takriban kilo 28. DeWalt DW733 ina upana wa milimita 317 na wati 1,800. Zote huweza kuchomekwa kwenye soketi nzuri yenye waya wa kutosha. Tahadhari ni kwamba mota zake ni za kaboni, zenye kasi kubwa na kelele nyingi. Zimeundwa kufanya kazi na kupumzika. Hazikuundwa kuranda mbao za kijiji kizima kuanzia alfajiri hadi magharibi.

Tahadhari nyingine ni kwa wanaonunua mashine za mtumba. Umeme wetu ni volti 230. Wa Marekani ni volti 120 na wa Japani ni volti 100. Toleo la Marekani la DeWalt DW735 ya inchi 13, mashine inayosifiwa sana, ni la volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja Usevya utaisikia ikilia mara moja tu. Soma kibati cha mota kabla ya kulipa, na ikihitaji transfoma, bei ya transfoma ni sehemu ya bei ya mashine.

Wapo wanaofikiria jenereta. Mashine ya wati 1,650 inahitaji jenereta ya takriban kVA 3 au zaidi, na jenereta hiyo ikibeba mzigo hunywa lita moja na ushee ya petroli kwa saa. Tutaona hapa chini hilo linamaanisha nini.

VISU: MAHALI FAIDA INAPOVUJA

Hapa ndipo safu hii inapotofautiana na ushauri mwingi wa madukani. Muuzaji atakueleza wati, upana na rangi. Muulize swali moja: visu vya mashine hii vikiisha makali, nafanya nini?

Yako majibu matatu. La kwanza ni visu vya makali mawili vya kutupa, kama vile vya Makita 2012NB. Upande mmoja ukiisha unageuza, wa pili ukiisha unatupa na kununua seti mpya. Ni rahisi kufunga na havihitaji ujuzi. Lakini seti hiyo haitoki Usevya. Inatoka Dar es Salaam au Mwanza, inafika kwa basi, na siku unazoisubiri karakana imelala.

La pili ni visu virefu vya chuma cha kasi vya makali moja, vinavyofungwa kwa boliti kwenye mashine nyingi kubwa na baadhi ya zile za kati. Hivi hunolewa mara nyingi. Vinahitaji jiwe zuri, mkono uliotulia, na kuvipanga vyote kwa kimo kimoja wakati wa kufunga; kisu kimoja kikizidi, kazi yote hufanywa na hicho. Hata hivyo, ujuzi huo hujifunzwa mara moja, na baada ya hapo kisu hudumu miaka.

La tatu ni ngoma yenye vipande vidogo vya kabaidi vilivyopangwa kama ngazi ya kuzunguka. Kila kipande kina makali manne, hukata mbao za nyuzi zinazopishana bila kuchimba, na hudumu muda mrefu zaidi kuliko chuma cha kawaida. Bei yake ya kuanzia iko juu, na kipuri chake hakipatikani kila duka.

Kwa mkoa wa mninga na mkongo, kisu cha kunolewa ndicho chenye uchumi. Fundi anayenunua mashine ya visu vya kutupa anunue seti mbili za ziada siku hiyo hiyo, kabla hajatoka dukani, na aziingize kwenye bei ya mashine. Kama fedha haitoshi mashine na seti mbili, basi fedha haitoshi mashine.

Kabla ya kupitisha ubao, piga brashi uso wake na ukate ncha zote mbili. Mbao zilizoburutwa chini hubeba mchanga na vijiwe, na jiwe dogo kama punje ya mtama hutosha kuacha mfereji kwenye kisu kipya.

HESABU YA KARATASI

Sasa tuweke tarakimu. Hizi ni za mfano, wala si bei za soko. Msomaji afute zetu aweke zake.

Tuseme mashine ndogo ya njia moja, pamoja na usafiri, waya na meza ya kuiwekea, imegharimu shilingi 2,000,000. Tuseme itatumika miaka 4 kisha iuzwe shilingi 400,000. Uchakavu ni shilingi 1,600,000 kugawanywa kwa 4, sawa na 400,000 kwa mwaka. Tuseme visu, kaboni, mikanda na beringi ni 250,000 kwa mwaka.

Umeme je? Tuseme ubao mmoja wa futi 12 unachukua dakika 6 kwa mipito sita pamoja na kuushika na kuuzungusha. Mbao 700 ni saa 70. Kwa wati 1,650, hizo ni yuniti 115 hivi. Tukichukua shilingi 350 kwa yuniti, kiwango kilichowekwa katika bei za mwaka 2016 kwa mtumiaji mdogo anayezidisha yuniti 75 kwa mwezi, haifiki shilingi 41,000 kwa mwaka. Tuandike 50,000. Kwa jenereta, saa hizo 70 ni lita 70 na zaidi za petroli. Msomaji azidishe mwenyewe kwa bei ya kituo cha mafuta kilicho karibu naye, ndipo ataelewa kwa nini jenereta ni ya dharura tu.

Liko moja ambalo mafundi huliruka: gharama ya fedha yenyewe. Kama ni mkopo wa riba ya asilimia 18, riba ya mwaka wa kwanza ni shilingi 360,000. Kama ni fedha yako ya mpunga, bado ina gharama, kwa sababu ungeweza kununua mpunga wakati wa mavuno na kuuza bei ikipanda.

Jumla: 400,000 na 250,000 na 50,000 na 360,000 ni shilingi 1,060,000 kwa mwaka.

Upande wa pili, tuseme kupeleka ubao mmoja kwa mwenye mashine mjini, kuranda na usafiri, ni shilingi 1,500. Gawanya 1,060,000 kwa 1,500. Unapata mbao 707 kwa mwaka, karibu 14 kila wiki.

Hapo ndipo mpaka ulipo katika mfano wetu. Kama kitanda kimoja kinakula mbao saba, fundi anayeuza vitanda viwili kila wiki, mwaka mzima, amefika. Anayeuza vitanda sita wiki za mavuno kisha anakaa miezi bila oda hajafika, hata kama siku zile za msimu anajiona anahitaji mashine tatu. Kumbuka kwamba mashine huchakaa na riba hukimbia hata karakana ikiwa imefungwa.

KAZI INAYODAI UNENE SAWASAWA

Atakayesoma hesabu hii atauliza: hizo mbao 14 za kila wiki zitapatikana wapi nje ya msimu? Safu hii ina pendekezo moja. Mizinga ya nyuki.

Inyonga, wilayani Mlele, inajulikana kwa asali yake. Waziri Mkuu wa zamani Mizengo Pinda, ambaye kwao ni Kibaoni, jirani na Usevya, alijulikana kwa kuhimiza ufugaji wa nyuki wa kisasa katika uongozi wake wa mwaka 2008 hadi 2015. Mzinga wa kisasa si sanduku la kugongelea tu. Katika mzinga wa viunzi wa Langstroth, uliopewa hataza Marekani mwaka 1852, nafasi kati ya kiunzi na ukuta iwe milimita 6 hadi 9. Ikipungua nyuki huiziba kwa gundi yao. Ikizidi hujenga masega pasipotakiwa, na mfugaji hulazimika kuvunja ili avune. Katika mzinga wa viunzi vya juu, kila kiunzi kwa nyuki wetu wa Afrika kiwe na upana wa milimita 32.

Vipimo hivyo havitoki kwenye mbao ghafi. Kwa tiknesa, fundi huweka kipimo mara moja akapitisha viunzi mia moja, vyote sawa. Hii ni kazi ya mbao nyembamba na fupi kiasi, inayofaa mashine ndogo, na haitegemei bei ya mpunga. Angalizo ni kwamba vipande vifupi kuliko umbali kati ya rola visipitishwe kimoja kimoja. Randa ubao mrefu kwanza, ndipo ukate vipande.

Kazi nyingine ni madawati na samani za ofisi za umma. Kampeni ya madawati ya mwaka 2016 iliwakuta mafundi wengi wa vijijini hawana uwezo wa kutoa madawati mengi yanayofanana, na anayenunua madawati mia hataki mia yanayotofautiana.

HOJA YA WANAOPINGA

Wapo wanaosema kuwa yote haya ni kupoteza mtaji: zifungwe mashine kubwa chache Mpanda mjini, na fundi wa Usevya apeleke mbao huko. Hoja hii ina uzito. Mashine kubwa inayofanya kazi siku nzima hugawa gharama zake kwa mbao nyingi, na bei ya kila ubao hushuka. Kwa fundi ambaye hajafika mbao 14 za mfano wetu, ndio ushauri sahihi leo.

Lakini hoja hiyo inasahau barabara. Kwenda Mpanda na kurudi ni siku nzima, na katika masika ni siku isiyojulikana mwisho wake. Mteja wa mlango hangoji. Na ubao wa mninga ukisafiri ukiwa nje ya mikono ya mwenyewe, hati zake lazima zisafiri nao: chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, mazao ya misitu husafirishwa kwa vibali vinavyosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Mtu asiye na hati ya kusafirishia asishangae mbao zake zikibaki kizuizini.

Kati ya kununua peke yako na kusafiri hadi Mpanda ipo njia ya tatu, nayo ndiyo safu hii inaiunga mkono: mafundi watatu au wanne wa kijiji kimoja kununua mashine moja ya kati, yenye mota isiyo na kaboni na visu vya kunolewa. Kila mmoja akileta mbao tano kwa wiki, wanne wana mbao 20, na mpaka wa hesabu umevukwa hata kama mashine ni ghali kuliko ya mfano wetu. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza pia kuomba mkopo usio na riba wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, unaogawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Futa riba ya 360,000 kwenye mfano wetu, na mpaka unashuka hadi mbao 467 kwa mwaka, tisa kwa wiki.

Vikundi huvunjika, atasema msomaji. Ni kweli, na mara nyingi huvunjika kwa sababu ya kisu. Anayekitia ubutu si yule anayekinoa. Kwa hiyo kabla ya kununua mashine, andikeni kanuni mbili: kila ubao ulipiwe kwenye daftari, hata ukiwa wa mwenyekiti, na fedha ya visu iwekwe kando kila Jumamosi. Kikundi kisichoweza kukubaliana mambo hayo mawili kwenye karatasi hakitakubaliana mbele ya mashine.

MAMBO YA AFYA NA SOKO LA NJE

Vumbi la mbao liliwekwa mwaka 1995 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Vumbi la mkongo huwasha pua hata siku ya kwanza. Mashine ikae penye hewa, mfanyakazi avae barakoa na vizibo vya masikio, na mikono mirefu ya shati ikunjwe. Fundi aliyepoteza vidole hana faida ya kuhesabu.

Kwa anayeota kuuza nje, ajue kwamba mkurungu, ambao Zambia huuita mukula na ambao ulitafutwa sana kwa soko la China miaka ya 2010, uliwekwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES mwaka 2019. Mkutano wa Panama wa Novemba 2022 ukaongeza jamii nyingine za Afrika za ukoo huo, mninga ukiwemo, pamoja na mkongo. Kuuza mbao hizo nje ya nchi kunahitaji vibali vya mkataba huo. Kitanda kinachouzwa Usevya au Mpanda hakiguswi nao.

USHAURI WETU

Kwa kifupi, fundi wa karakana ya nyumbani afanye hivi. Ahesabu mbao zake kwa wiki nane mfululizo, za msimu na zisizo za msimu. Zikiwa chini ya mpaka wa hesabu yake, alipie kurandiwa na anunue randa nzuri ya mkono. Zikivuka, na yuko peke yake, achukue mashine ndogo ya njia moja ya volti 230, pamoja na seti mbili za visu, na asikubali kurandia watu kwa kutwa nzima. Wakiwa watatu au wanne, wachukue ya kati yenye visu vya kunolewa, na daftari litangulie mashine.

Mpunga wa mwaka mmoja ni mtaji wa familia nzima. Kabla haujageuzwa chuma, unastahili kalamu, karatasi na saa moja ya hesabu.